Bembea Haiulizi Kilo Zako

Leo naanza na swali, na nakuomba usiwe na haraka ya kusikia jibu. Kuna ile bembea ya kuzunguka: mlingoti mkubwa katikati, juu yake duara la chuma lililotanda kama mwavuli, na kwenye duara hilo vimening'inizwa viti kwa minyororo. Mashine ikiwashwa, viti vinatanuka kwenda nje, na kasi ikiongezeka vinazidi kuinuka. Sasa, kiti kimoja amekaa mtoto wa kilo 25. Cha pili amekaa mwanamume wa kilo 100. Cha tatu hakina mtu. Vyote viko kwenye mduara mmoja. Mashine ikishika mwendo wake, kiti kipi kitakwenda nje zaidi?

Kama una mtu hapo nyumbani, muulize naye. Kama una kalamu, andika jibu lako kabla sijaendelea.

Wapo wanaosema mtu mzito ndiye atakayetupwa mbali, maana ana kilo za kumtupa. Wapo wanaosema la, kilo zitamvuta chini, kitakachopeperuka ni kile kiti kitupu. Majibu yote mawili yana mantiki yake, na yote mawili si kweli. Viti vyote vitatu vinainama sawasawa. Ukisimama pembeni ukapiga picha, kisha ukaweka rula juu ya picha hiyo, utaona mnyororo wa mtoto, wa baba mtu na wa kiti kisicho na mtu yote ina mwinamo mmoja.

Sababu yake inaelezeka bila ubao wala chaki. Ili kiti kizunguke, lazima kivutwe kuelekea katikati wakati wote. Kisipovutwa kitashika njia yake moja kwa moja na kwenda zake. Anayekivuta ni mnyororo. Mtu wa kilo 100 ni mgumu kugeuzwa njia, anahitaji kuvutwa mara nne ya anavyovutwa mtoto wa kilo 25. Lakini huyo huyo, dunia nayo inamvuta chini mara nne. Kwa hiyo mnyororo una kazi mbili, ya kumgeuza na ya kumbeba, na kazi zote mbili zimepanda mara nne kwa pamoja. Mwinamo unatokana na uwiano wa kazi hizo, na uwiano uko pale pale. Fundi anayenunua minyororo lazima ajue kilo za abiria, tena ajue vizuri, kwa sababu mkazo unaongezeka. Mwinamo haujui lolote.

Swali hili la viti nimelichukua kwa watu wanaofundishia fizikia katika bustani za burudani, na mfano ninaoujua zaidi ni wa mji wa Gothenburg, Sweden. Mjini humo kuna bustani iitwayo Liseberg, iliyofunguliwa mwaka 1923, yenye bembea, minara na treni za kushuka kwa kasi. Mwanafizikia Ann-Marie Pendrill, ambaye alianza kazi katika hesabu za atomu, mambo ambayo hakuna jicho linaloweza kuyaona, amekuwa tangu miaka ya 1990 akiwapeleka wanafunzi huko, na ameandika makala nyingi sana kuhusu kinachojifunzwa pale. Marekani nako walimu wa sekondari wamekuwa kwa miongo kadhaa wakikubaliana na wenye bustani kutenga siku maalumu za fizikia, wanafunzi wakaja kwa mabasi wakiwa na saa za kupimia sekunde na vipima-pembe vya karatasi ngumu vilivyofungwa uzi na nati.

Nataka kusema jambo moja kuhusu siku hizo, kwa sababu zinaharibika kirahisi. Mwanafunzi anapewa karatasi yenye nafasi za kujaza, anakimbilia foleni, anapanda, anapiga kelele, anashuka, anamwuliza mwenzake sekunde ngapi, anajaza. Jioni karatasi imejaa na kichwani hakuna kilichoingia. Walimu wazuri wa kazi hii hugeuza utaratibu. Kwanza unabashiri, unaandika, unatetea ubashiri wako mbele ya wenzako. Halafu ndipo unapanda. Aliyeandika kwamba mtu mzito atatupwa mbali zaidi, kisha akaona minyororo iko sambamba, anapata usumbufu fulani moyoni, na usumbufu huo ndio mwalimu anaoutafuta. Asiyebashiri hana cha kumsumbua. Ameburudika tu, na burudani si haramu, lakini basi tusiite somo.

Tuendelee na bustani yetu, maana jambo lile la kilo kutoulizwa linajirudia kwenye karibu kila mashine utakayoikuta.

Kuna mnara wa kuangusha watu. Unakaa kwenye kiti, unafungwa vyuma mabegani, unapandishwa taratibu hadi juu, unaachwa kidogo uutazame mji, kisha unaachiwa. Ukishuka mita 45 kwa kuanguka huru, umetumia sekunde 3 na kasi yako imefika mita 30 kwa sekunde, yaani kilomita 108 kwa saa. Hapa nako mnene na mwembamba waliokaa safu moja wanafika chini pamoja. Galileo alilisema hilo karne ya 17. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 alisimama mwezini, ambako hakuna hewa ya kuzuia, akaachia nyundo na unyoya wa ndege kwa wakati mmoja. Vikagusa vumbi pamoja.

Kwenye mnara kuna la ziada, nalo mwili unalijua kabla ya akili. Ukiachiwa, tumbo linapanda. Kiti hakikusukumi tena. Kwa zile sekunde 3 uzito wako upo kama kawaida kwa maana ya kwamba dunia inakuvuta vile vile, ila hausikii uzito, kwa sababu uzito tunaousikia kila siku ni msukumo wa sakafu, kiti au kitanda dhidi yetu. Albert Einstein aliipata fikra hiyo mwaka 1907 akiwa mfanyakazi wa ofisi ya hataza mjini Bern: mtu anayeanguka hausikii uzito wake. Baadaye aliitaja kuwa ndiyo fikra iliyomfurahisha kuliko zote maishani. Kutoka hapo alijenga nadharia nzima ya uvutano, ikamchukua mpaka 1915. Kijana wa miaka 14 anayeshuka kwenye mnara anaisikia fikra hiyo tumboni mwake, na kinachokosekana ni mtu wa kumwuliza alisikia nini na kwa nini.

Ukitaka kujua wanasayansi wanalichukulia jambo hili kwa uzito gani, fikiria kwamba Wafaransa walirusha satelaiti mwaka 2016, jina lake MICROSCOPE, kazi yake ikiwa kuangalia kama vipande viwili vya metali tofauti vinaanguka sawasawa kuizunguka dunia. Matokeo ya mwisho yalitolewa 2022. Hawakuona tofauti yoyote, hata walipopima kwa usahihi wa kiasi cha sehemu moja katika trilioni elfu. Kile ambacho bembea ya Liseberg inakionyesha kwa rula na picha, wao walikitafutia kasoro angani, wakaikosa.

Sasa rolakosta, ile treni ndogo inayovutwa hadi kilele cha reli kisha ikaachwa ishuke kwa nguvu zake yenyewe. Liseberg wanayo moja ya mbao, Balder, iliyofunguliwa mwaka 2003, kimo chake mita 36. Mwanafunzi anayejua kwamba nishati ya kimo inageuka kuwa nishati ya mwendo anaweza kukaa chini na kalamu. Anazidisha 2 kwa 9.8 kwa 36, anatafuta kipeuo cha pili, anapata karibu mita 27 kwa sekunde, sawa na kilomita 96 kwa saa. Kasi inayotangazwa ya treni hiyo ni kilomita 90. Kilomita 6 zimekwenda wapi? Hapo ndipo somo linapoanza kunoga. Yuko atakayesema msuguano wa magurudumu. Yuko atakayesema hewa. Yuko atakayekumbuka kwamba reli haishuki mpaka usawa wa ardhi, kwa hiyo kimo halisi cha kushuka ni pungufu ya 36. Wote wana haki ya kusikilizwa, na kila dai linaweza kupimwa.

Hewa yenyewe inaleta kisa kidogo. Nilisema kilo haziulizwi, na kwenye hesabu ya nishati kweli zinafutika pande zote mbili. Ila treni iliyojaa watu kwa kawaida humaliza mzunguko mapema kidogo kuliko tupu. Hewa inazuia zote mbili karibu sawa, lakini yenye watu ina nishati nyingi zaidi ya kupoteza. Mwalimu mwoga atalificha hili asije akavuruga kanuni yake. Mwalimu mzuri atasubiri mwanafunzi mmoja aligundue kwa saa yake, kisha alilete mbele ya darasa zima.

Kulikuwa na treni nyingine New Jersey, Marekani, iliyoitwa Kingda Ka. Ilifunguliwa mwaka 2005, kimo chake mita 139, na kwa miaka mingi hakuna iliyoipita kwa urefu. Yenyewe haikuvutwa kileleni. Ilirushwa kutoka chini kwa mtambo wa majimaji, ndani ya sekunde 3.5 ikawa na kasi ya kilomita 206 kwa saa, ikapanda mnara wima na kuteremka upande wa pili. Piga hesabu ya kasi ya chini kabisa inayoweza kukifikisha kitu mita 139: utapata kilomita 188. Ziada iliyobaki ndiyo akiba ya kulipia hewa na msuguano. Na siku nyingine akiba haikutosha. Treni ilipanda ikakaribia kilele, ikasita, ikarudi kinyumenyume ilikotoka, abiria wakapokewa na breki zilizowekwa chini kwa ajili ya tukio hilo hilo. Wahandisi walijua tangu mwanzo kwamba itatokea. Kingda Ka ilifungwa 2024, na mapema 2025 mnara wake ukabomolewa.

Kuhusu kile kitanzi ambacho treni inapinduka vichwa chini miguu juu, watu wengi hudhani hatari iko kule juu. Mwaka 1895, Coney Island, New York, palijengwa kitanzi cha duara kamili, kikaitwa Flip Flap. Abiria walishuka wakiwa na maumivu ya shingo, na maumivu hayo waliyapatia chini, wakati wa kuingia. Fizikia inasema hivi: kwenye duara kamili, ikiwa treni inapita juu kwa kasi ya kiasi tu kwamba abiria hausikii uzito wake, basi kule chini, pale duara linapoanza, anabanwa kwa mara 6 ya uzito wake. Mtoto wa kilo 30 anajisikia kana kwamba ana 180. Ufumbuzi wa kisasa ulionekana mwaka 1976 katika bustani ya Magic Mountain, California, kwenye treni iliyoitwa Revolution, kazi ya Wajerumani wawili, mjenzi Anton Schwarzkopf na mhandisi Werner Stengel. Kitanzi chao kilikuwa na umbo la tone la maji lililosimama: chini mkunjo mpana, ambako kasi ni kubwa, na juu mkunjo mwembamba, ambako kasi imepungua. Kubanwa kukapungua sana. Chuo Kikuu cha Gothenburg kilimtunuku Stengel shahada ya heshima ya udaktari mwaka 2005, na mimi naona alistahili kuliko wanasiasa wengi wanaopewa hizo kofia.

Lipo pia lile pipa kubwa, rota, ambalo Mjerumani Ernst Hoffmeister alilileta kwenye maonyesho mwishoni mwa miaka ya 1940. Watu wanasimama wameegemea ukuta, pipa linazunguka, kisha sakafu inashushwa na watu wanabaki wamenata ukutani. Likizunguka mara 30 kwa dakika, na ukuta ukiwa mita 2 kutoka katikati, ukuta unakusukuma kwa nguvu mara mbili ya uzito wako. Msuguano kati ya nguo na ukuta ukifika nusu ya msukumo huo, huanguki. Kilo zinafutika tena. Kinachoulizwa ni nguo: aliyevaa kitambaa cha kuteleza ana wasiwasi zaidi ya aliyevaa jinzi.

Vigari vya kugongana ndivyo vinavyovunja kanuni yetu, na nashauri viwekwe mwisho kwa sababu hiyo. Baba mnene akigongana uso kwa uso na mtoto, anayetikiswa zaidi ni mtoto. Nguvu ya kusukumana ni ile ile pande zote, ila mwepesi ndiye anayebadilishwa mwendo zaidi. Mwanafunzi aliyeanza kuamini kwamba kilo hazina maana popote anasahihishwa hapo hapo, mgongoni.

Nasikia msikilizaji akisema, haya yote ni ya Sweden na California, sisi hizo rolakosta tutazitoa wapi? Ni kweli, na sidhani shule zetu zinahitaji kuzisubiri. Watoto wa Unguja sikukuu za Idi humiminika Mnazi Mmoja na Kariakoo, wa Pemba huenda Tibirinzi, na bembea wanazikuta. Shule nyingi za msingi bara zina bembea ya matairi au kamba chini ya mti. Pendrill mwenyewe hakuishia kwenye mashine kubwa. Mwaka 2002 yeye na mwenzake walichapisha makala kuhusu majaribio ya fizikia katika bustani ya burudani, na 2005 ikafuata nyingine kuhusu bembea na vitelezi vya watoto, zote mbili katika jarida la walimu linaloitwa Physics Education.

Jarida hilo lina historia na sisi. Ndilo lililochapisha, mwaka 1969, makala ya Erasto Mpemba na Profesa Denis Osborne wa chuo kikuu Dar es Salaam. Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, mwaka 1963, wanafunzi wakitengeneza aiskrimu. Akauweka mchanganyiko wake wa maziwa kwenye friji ukiwa wa moto bado, nao ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye akiwa shule ya Mkwawa alimwuliza Osborne aliyekuja kutoa mhadhara, wenzake wakamcheka, lakini mgeni akaenda kujaribu. Mpaka leo wataalamu wanabishana juu ya jambo hilo, wengine wakikubali, wengine wakikataa, na dunia nzima wanaliita kwa jina la Mpemba. Fizikia ilianzia kwenye kitu ambacho vijana walikuwa wanakifanya kwa hamu ya kula, na mwalimu nusura aizime.

Basi mwalimu wa fizikia unayenisikiliza, uwe Tanga, Mombasa au Bukavu, nina ombi. Wiki ijayo watoe wanafunzi darasani kwa kipindi kimoja. Kabla ya yote kagua kamba na fundo, na usimruhusu mtu kusimama juu ya ubao wa kukalia. Tafuta bembea ambayo, kutoka inapofungwa hadi kiunoni mwa aliyekaa, ni mita 2.5. Weka mwanafunzi mdogo kuliko wote, hesabuni bembea 10 za kwenda na kurudi. Halafu mpandishe mkubwa kuliko wote, na kama mwalimu mkuu ni mtu wa masihara, naye apande. Nani atachukua muda mrefu zaidi? Mpe aliyekaa uzi wenye nati ya baiskeli aushike mbele yake: bembea ikiwa juu kabisa, uzi utaelekea chini ardhini, au utafuata kamba za bembea? Fungeni chupa ya plastiki yenye maji nusu kwenye ubao: uso wa maji utabaki sawa na ardhi, au utainama na ubao? Kama simu yako ina programu ya phyphox, ambayo chuo kikuu cha Aachen, Ujerumani, kinaitoa bure tangu 2016, ifunge vizuri ubaoni ipime inavyobanwa pale chini. Simu ya mwalimu peke yake inatosha.

Majibu sitayasema yote. Kila mwanafunzi aandike ubashiri wake kwanza, na jina lake chini, kabla ya mtu yeyote kugusa kamba. La sekunde nalitaja ili ujue kama saa yako inakwenda sawa: bembea 10 kwa urefu huo zinachukua sekunde 32 hivi.